Taa ya Kinyonga wa Marehemu

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 12 Januari 2025

Wamuyu mwanangu,

Barua yako ya Krismasi nililetewa na katekista juzi, bahasha imeshafunguliwa na kugundishwa tena. Basi salamu zangu zianze kwa huyo Mama Mlezi wenu anayesoma barua za wanovisi kabla ya wenyewe. Kama na hii anaisoma, ajue kwamba mwandiko wangu ni mbaya kwa sababu ya baridi yabisi, si kwa kukosa shule.

Huku tuko wazima. Mwanangu Peterson bado yuko Kikopey na bucha yake, ananenepa. Alikuja mkesha wa mwaka mpya akakataa kulala ndani. Mwanamume wa miaka thelathini na minne alilala kwenye gari akimkimbia mnyama mwenye uzito wa yai moja na nusu. Sikumlaumu hata kidogo, mimi mwenyewe ningekuwa na gari ningelala humo.

Sasa nije kwa hicho kitu chako. Kiko stoo, pazia limefungwa, taa zake mbili zinawaka saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni kama ulivyoagiza. Kinakula. Naingia na leso puani, namwaga nyenje, natoka. Jicho moja linatazama chakula na lingine linanitazama mimi, na zile pembe tatu zinanyooka kunielekea. Nilipozaliwa hakuna aliyeniambia kwamba katika uzee wangu nitaishi nyumba moja na kitu cha namna hiyo, tena kibali cha wanyamapori kiandikwe jina langu. Marehemu ndugu yangu, baba yako, angeweza kufuga sungura kama walimu wengine wa bayolojia.

Na hao nyenje! Wanaimba bila kupumzika. Wiki iliyopita jumuiya ilisali hapa kwangu, na Immaculate, mwenyekiti wetu, akaokota mguu wa nyenje ndani ya kikombe chake. Nikamwambia ni jani la chai. Akanywa akamaliza. Niliona kinyaa mpaka nikashindwa kula andazi langu.

Jumuiya haijui kilichoko stoo na haitajua. Unawajua watu wetu: mtu akimkuta kinyonga njiani anarudi alikotoka. Wakijua, hakuna atakayekanyaga hapa, na mimi baada ya kumzika mume na ndugu sina watu wengine.

Lakini mimi shangazi yako nilikuahidi nitamtunza hadi uweke nadhiri zako za utawa mwezi wa nane mwaka ujao, na nitamtunza. Kumpenda sikuahidi.

Tata yako,
Wariara


Nyumba ya Wanovisi, Kitale
2 Februari 2025

Kwako Tata Wariara,

Nimeisoma barua yako bustanini nikacheka peke yangu, na hapa kucheka peke yako ni jambo la kueleza. Mama Mlezi anasema mwandiko wako unasomeka vizuri.

Niko salama. Asubuhi tunalima sukuma na karoti, mchana masomo, jioni ukimya. Tumenyamaza hadi najua tumbo la nani linaunguruma kwa sauti gani. Mwanovisi mwenzangu Cheruto anatoka Molo, naye hukaa kimya kwa wepisi, kama aliyezaliwa nao. Mimi bado.

Tata, nina jambo moja na ni la haraka. Mwezi huu taa ya kinyonga wetu Chifu inatimiza mwaka. Nasema ile nyeupe ndefu, ile tyubu, si balbu ndogo ya joto. Baba aliandika tarehe kwa kalamu nyeusi kwenye ncha yake: 15 Februari 2024. Tyubu mpya iko kwenye boksi chini ya kitanda changu, pamoja na fremu ya akiba. Tarehe kumi na tano toa ya zamani uweke mpya, hata kama ya zamani inawaka vizuri. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mwanga tunaouona unabaki miaka, lakini kuna mwanga mwingine tusiouona, baba aliuita UVB, na huo huisha baada ya mwaka hivi. Huo ndio unaoufanya mwili wa Chifu utengeneze vitamini D. Bila hiyo vitamini, ule unga wa kalisi unaowapaka nyenje unapita tumboni na kutoka tu. Mifupa inalainika.

Naomba pia uniambie: kutoka taa hadi tawi lake la juu ni shubiri moja? Isiwe mbali zaidi, wala karibu zaidi. Na je, kuna kitu chochote kati ya taa na wavu wa juu wa kizimba? Kusiwe na chochote. Kioo au plastiki hupitisha mwanga wa macho na kuuzuia ule mwingine. Ndiyo maana jua la dirishani halimsaidii, na ndiyo maana baba alikuwa akimtoa nje kabisa kila Jumamosi, yeye mwenyewe akisubiri hapo hapo kwenye kiti chake cha kamba. Najua hilo la nje ni gumu kwako.

Ulichoandika kuhusu watu wetu na kinyonga, sina la kuongeza.

Kwaresima inaanza tarehe tano Machi, na hapa Kwaresima yote hatupokei barua wala hatuandiki. Nijibu kabla ya hapo, tafadhali. Niambie umebadilisha siku gani.

Mwanao,
Wamuyu


Kiamunyi
Jumapili, 23 Februari 2025

Wamuyu mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, tunapumua. Jua ni kali, vumbi limejaa hadi kwenye meno, na maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Peterson amepata mchumba kutoka Gilgil, msichana mrefu mwenye meno mazuri. Hajamleta. Anasema atamleta "mambo ya stoo yakiisha."

Vifaranga wangu wa mwezi huu ni wa ajabu, lazima nikwambie. Unajua kila mara kuna kumi au kumi na tano wanaoketi chini na kushindwa kusimama, hadi nawatoa. Safari hii hata mmoja! Wana miguu ya kukimbia mbio za nyika. Jirani yangu Waithera amekuja mara mbili kuuliza nawalisha nini. Nikamwambia ni maombi.

Kuhusu taa, taa inawaka. Inawaka vizuri sana. Mtu anaweza kusoma Biblia humo stoo bila miwani.

Yeye mwenyewe anavua ngozi. Imemning'inia vipande vipande kuanzia shingoni hadi mkiani, na anajisugua nayo kwenye tawi taratibu kama mtu asiye na kazi. Kipande kimoja kilinigusa kidole. Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na pipa la taka nipate hewa safi. Siku hizi anafumba macho mchana. Nadhani ananichoka kama ninavyomchoka.

Immaculate aliuliza kioo cha meza yangu ya sebuleni kilienda wapi, maana siku hizi chai inaandaliwa juu ya mbao tupu. Nikasema kilivunjika. Mwanamke huyo macho yake hayakosi kitu, isipokuwa kilicho ndani ya kikombe.

Msalimie Cheruto. Nilipenda hilo la kuzaliwa na ukimya.

Tata yako,
Wariara


Kiamunyi
Jumapili, 16 Machi 2025

Wamuyu,

Najua ni Kwaresima na barua hii italala mezani kwa mtu hadi Pasaka. Naandika hivyo hivyo.

Tuko wazima. Mvua haijaanza.

Nataka kukuuliza, kinyonga huishi miaka mingapi? Baba yako alikuwa naye tangu lini? Nauliza kwa sababu anatembea kama mlevi. Mguu wa mbele wa kulia umejikunja kwa nje. Alianguka kutoka tawini Jumatatu na tena Alhamisi, nikamrudisha kwa kijiko cha ugali kwa sababu siwezi kumshika, Wamuyu, siwezi, mkono wenyewe unakataa.

Jana nilimwekea nyenje karibu. Akalenga, ulimi ukatoka nusu, halafu ukabaki hapo ukining'inia, mwekundu, wenye utelezi, na yule nyenje ameketi mbele yake bila wasiwasi. Alichukua muda mrefu kuurudisha mdomoni. Nikafunga mlango.

Labda ni uzee. Nadhani ni uzee.

W.


Kitale
Jumanne, 22 Aprili 2025

Tata Wariara,

Kristo amefufuka, na barua zako mbili nimepewa leo asubuhi kwa mpigo. Nimezisoma nikiwa nimesimama. Nisamehe nikienda moja kwa moja.

Si uzee. Chifu ana miaka mitatu na kidogo.

Tata, tyubu mpya iko kwenye banda la kuku. Sema kama nakosea. Tangu nikiwa mtoto wewe hupoteza vifaranga kwa miguu, kila kundi, na baba alikuwa akikwambia wanakosa jua humo bandani. Halafu Februari, mwezi ule ule niliokuambia utoe boksi chini ya kitanda, vifaranga wako wakapata miguu ya mbio za nyika. Si maombi, Tata. Ni taa ya Chifu.

Pili, nilikuuliza kama kuna kitu kati ya taa na wavu. Hukunijibu. Ukaniambia tu kioo cha meza "kilivunjika," ukaandika hivyo kama jibu ulilompa Immaculate, hukuandika kwamba kweli kilivunjika. Nakujua. Hicho kioo kiko juu ya kizimba. Kiko hapo tangu lini? Kama ni tangu nilipoondoka, basi hata tyubu ya zamani ilipokuwa bado nzuri haikumfikia. Miezi minane amekaa kwenye stoo yenye mwanga mwingi, na mwili wake ukiwa gizani.

Leo, si kesho: toa kioo. Rudisha tyubu mpya. Kisha mtafute Daktari Kipkemei wa Njoro, yule aliyekuwa akitibu ng'ombe wa babu, namba yake iko nyuma ya mlango wa jikoni. Na mtoe Chifu nje kwenye jua la asubuhi, saa nzima, ndani ya kile kizimba kidogo cha wavu mtupu, upande mmoja ukiwa na kivuli cha majani ili akichoka na joto ajifiche. Usimweke kamwe kwenye kitu cha kioo juani, ataiva. Na ukae naye. Mwewe na paka hawamwogopi kama mnavyomwogopa ninyi.

Baba alipokuwa hospitali kitu cha mwisho alichoniuliza kilikuwa kama nimezima taa ya Chifu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Nimemwomba Mama Mlezi ruhusa ya kuja nyumbani.

Wamuyu


Kiamunyi
Jumapili, 11 Mei 2025

Wamuyu mwanangu,

Mvua imekuja na matope yake, afya ipo. Salamu zimekwisha.

Ndiyo, ilikuwa bandani. Ndiyo, kioo kilikuwa juu ya kizimba. Tangu mwezi wa tisa.

Nilifungua boksi tarehe kumi na tano kama ulivyosema. Nilisimama na ile tyubu mpya mkononi nikatazama ile ya zamani inavyowaka, nyeupe, haina hata doa, nikajiambia huyu mtoto amesoma sana. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akipasua njiti moja ya kiberiti iwe mbili. Kutoa taa inayowaka na kuitupa nilishindwa. Basi nikaifunga ile mpya na fremu yake kwa kuku, kwa sababu bandani kulikuwa na giza, na nikakuandikia kwamba taa inawaka. Sikukudanganya na nilikudanganya.

Kioo sikukiweka kuzuia nyenje wasitoroke tu. Alikuwa anapanda hadi juu, anashika wavu kwa vile vidole vyake vilivyogawanyika mara mbili, ananisubiri. Nilitaka kuwe na kitu kati yangu na yeye.

Daktari Kipkemei alifika na gambuti zake zina matope ya zizi. Akamshika Chifu kiganjani kama mtu anayeshika simu, akambonyeza taya. Taya likabonyea. Wamuyu, lilibonyea kama mpira wa pampu!

"Mathe," akaniambia, "hii nimeona kwa ndama wa kufungiwa ndani. Mfupa imekuwa laini. Hiyo kioo umewekea huyu ni kama umemnyima chakula na sahani iko mbele yake."

"Atapona?"

"Hapo ilipopinda haitanyooka. Lakini isipinde zaidi, hiyo tunaweza. Hii dawa ni matone, moja asubuhi. Na jua, mathe. Hakuna taa inashinda jua ya Nakuru, na hiyo haulipii."

Jua la asubuhi kwangu unalijua linakoangukia: kwenye veranda ya mbele tu, saa tatu hadi saa nne, barabarani mtu yeyote anaona. Siku za kwanza nilitundika shuka. Halafu ikanyesha na mawingu yakakaa siku nne mfululizo, Chifu akawa anazidi kulegea. Siku ya tano asubuhi mbingu ikafunguka safi kabisa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na jumuiya ilikuwa inasali kwangu saa tatu.

Nilizunguka jikoni na kizimba mkononi. Nikakiweka chini. Nikakichukua tena. Halafu nikatoka nacho, bila shuka, nikaketi.

Walikuja wanawake tisa. Immaculate alikuwa mbele na rozari yake imeshatoka mfukoni.

"Mama Peterson, hiyo ni nini?"

"Ni kinyonga wa marehemu ndugu yangu."

Mmoja alipiga yowe. Wawili walikuwa wamesharudi getini. Immaculate yeye hakurudi nyuma, namheshimu kwa hilo. Alisimama kwenye ngazi akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Na hiyo ndiyo ilikuwa hapa siku zote tukisali? Tukikunywa chai?"

"Ndiyo."

"Wariara, hiyo kitu itoke hapa saa hii, ama sisi tutoke."

Nikaangalia saa ya ukutani kupitia mlangoni. Jua lilikuwa na dakika arobaini zimebaki kabla halijapanda juu ya paa. Nikamwambia, "Basi tokeni pole pole, msimshtue."

Wakaenda kusali kwa Waithera. Niliwasikia wakiimba kutoka hapo nilipoketi. Tangu siku hiyo hakuna aliyenibishia hodi, na aliyeagiza kuku kumi wa harusi ameghairi, eti walilelewa chini ya taa ya kinyonga. Niliyekuwa naye kwenye veranda alikuwa amegeuka mweusi ubavu mzima ili anywe jua, mdomo haufungi vizuri, mate yanamtoka kwenye kona. Anatia kinyaa, Wamuyu, sitakuficha. Lakini siku ile mimi ndiye niliyejitia kinyaa zaidi.

Vifaranga wengine wameanza kuketi chini tena. Nimewatoboleshea dirisha la wavu.

Usije. Namaliza hapo.

Tata yako,
Wariara


Kitale
1 Juni 2025

Tata Wariara,

Huku ni baridi na mahindi yanarefuka. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimepata ruhusa. Naweza kutoka tarehe ishirini na saba mwezi huu. Nikizidisha siku kumi na tano nitalazimika kuzifidia, na nikizidisha miezi mitatu naanza upya. Mama Mlezi alinieleza mara mbili, akiniangalia. Nitamchukua Chifu nikodi chumba Njoro, niangalie mbele. Pengine nisirudi. Mnyama mgonjwa anahitaji mtu.

Kuna jambo nimelibeba na nikija sitaki nije nalo. Siku ya mazishi ya baba, baada ya udongo, ulisimama mbele ya watu wote ukasema kile kitu ndicho kilichoyaita mauti nyumbani, kitolewe kichomwe. Nilikuwa nyuma ya hema, nimeshika kizimba. Nilisikia kila neno.

Watu wameniuliza ilikuwaje nikakuachia wewe kati ya jamaa wote. Ni kwa sababu hiyo. Wote waliwaza hivyo, Tata. Wengine walinong'ona nyuma ya jiko, kisha wakaja kunishika mkono na kusema pole. Wewe peke yako ulisema kwa sauti. Nikajua kwako ubaya wowote utakaomfika nitaambiwa.

Kwa hiyo maneno ya mazishini hayakuniuma kama ile sentensi yako ya Februari: "taa inawaka."

Wamuyu


Kiamunyi
Jumapili, 22 Juni 2025

Wamuyu mwanangu,

Hii nimempa katekista mkononi nikamwambia isilale popote, ikufikie kabla ya tarehe ishirini na saba. Tuko wazima. Peterson amemleta mchumba hatimaye, anaitwa Chepkemei. Akaenda moja kwa moja stoo, akachungulia kizimba, akasema "ni mdogo hivi?" Peterson aliaibika hadi shingoni.

Niliyasema yale mazishini. Nilikuwa nimemzika ndugu yangu wa pekee, na sukari ilikuwa imemmaliza kidole kwa kidole mbele ya macho yangu. Nilitaka kuwe na wa kulaumiwa, tena ambaye hawezi kunijibu. Sikujua uko nyuma ya hema. Ningejua, pengine ningesema hivyo hivyo, nilikuwa na hasira ya namna hiyo. Nisamehe. Na ile ya Februari unisamehe mara mbili, maana hiyo sikuwa na hasira, nilikuwa naona haya tu.

Sasa nikwambie hali yake yote, nisije nikaficha hata punje. Mguu wa kulia umebaki upinde. Mgongo una kijiwimbi. Taya limekuwa gumu, daktari amelibonyeza mbele yangu na halikubonyea, na hajaanguka tangu katikati ya Mei. Kioo nimekirudisha mezani. Tyubu iko shubiri moja juu ya tawi, na nchani nimeandika tarehe kumi na tano Februari, siku niliyoiwashia kuku, si siku niliyomrudishia, kwa hiyo mwakani tutabadilisha kwa tarehe ya kweli. Asubuhi tuko verandani. Watu wakipita wanavuka barabara. Immaculate alipita Ijumaa hakuvuka, ila hakunisalimu.

Ulimi haukupona. Unatoka nusu na hauna nguvu ya kubeba. Daktari aliniambia kwa upole, "Mathe, huyu hatawinda tena. Hakuna aibu tukimlaza, ni sindano moja." Nikamwuliza kuna njia gani nyingine. Akasema ni kulishwa kwa mkono, kila siku, maisha yake yote, na kwamba hajawahi kuona mtu wa huku akifanya.

Basi nafanya hivi. Namkamata nyenje, nampaka unga, namshika miguu ya nyuma akirusha teke. Kwa mkono wa kushoto namshika Chifu chini ya kidevu. Si kwa kijiko wala glavu. Kwa glavu sisikii kama nambana. Namgusagusa mdomo hadi aufungue. Ndani ni waridi na manjano, kuna utelezi unaovutika, na unanuka kama maji ya ua yaliyokaa. Nasukuma nyenje hadi nyuma kwa kidole gumba. Anatafuna kwa sauti. Wakati mwingine anatafuna na kidole changu.

Kuhusu kuja kwako. Ukitaka kutoka huko Kitale, toka. Mlango wangu hauna kufuli kwako, uje na sanduku lako na sitakuuliza hata neno, wala sitajali jumuiya itasema nini, maana wameshasema yote. Lakini utoke kwa sababu yako mwenyewe. Usimtundike Chifu shingoni ukasema ndiye aliyekutoa. Nilishafanya hivyo mimi, kumbebesha mnyama jambo la watu, na nimeona linavyomkunja. Mlezi anaye. Kaa na hilo kwenye ukimya wenu, kisha uamue kana kwamba hakuna kinyonga duniani.

Bado namwonea kinyaa. Nilidhani nitazoea, sijazoea. Kila asubuhi nanawa mikono mara tatu na bado nakunywa chai yangu kwa mkono wa kushoto tu, ule usioingia mdomoni mwake. Jana nilipokaribia alifungua mdomo mwenyewe, kabla sijamgusa. Nikageuka nikatema mate uani, kisha nikarudi nikamlisha.

Tata yako,
Wariara